Nadharia ni ya Nani? Hoja Kuhusu Mtihani wa Muziki wa KCSE

Mjadala kuhusu somo la muziki katika shule za sekondari za Kenya huishia kwenye malalamiko yaleyale: ala ni ghali, walimu ni wachache, na wakuu wa shule hulihesabu somo hili kuwa la anasa. Ni malalamiko ya kweli, ila si hoja yangu hapa. Hata shule yenye piano nzuri na mwalimu hodari humwandaa mtahiniwa kwa ajili ya mtihani wenye kasoro isiyoondolewa kwa fedha. Muziki wa Ulaya umekabidhiwa kazi ya kuwa nadharia; muziki wa Kiafrika umeachiwa kazi ya kuwa habari.

Mtihani wa KCSE, uliofanywa mara ya kwanza 1989, una karatasi ya utendaji, ya usikivu na ya nadharia. Anayedai kwamba muziki wa Kiafrika umefungiwa nje hajaisoma silabasi. Nyatiti, orutu, litungu na isukuti zimo, na nyimbo za jamii za Kenya huchambuliwa. Lakini zingatia vitenzi vya maswali yenyewe: taja, eleza, ainisha. Ala hii ni ya nyuzi au ya kupulizwa? Ngoma ile ni ya jamii gani, na huchezwa katika sherehe ipi? Ikifika zamu ya kupatanisha sauti nne, au kutambua kwa sikio umbali kati ya nota mbili, kanuni zinazotawala ni zile za Ulaya ya karne ya 18. Mtahiniwa hukumbuka kwa Kiafrika na kufikiri kwa Kizungu.

Athari yake huonekana vizuri katika katazo moja ambalo kila mwanafunzi wa muziki hulijua: sauti mbili zilizoachana kwa nota tano zisisogee sambamba. Anayelivunja hupoteza alama. Sasa tuvuke mpaka hadi Dodoma, kwa kuwa mfano wa Wagogo umefanyiwa utafiti wa kina. Uimbaji wao wa sauti nyingi umejengwa juu ya mwendo huohuo uliokatazwa, wa nota nne na tano sambamba. Wala hawaimbi hivyo kwa kubahatisha. Mtafiti wa muziki wa Kiafrika, Gerhard Kubik, ameeleza kanuni inayouongoza: mwimbaji wa pili huchukua nota ya skeli inayopatikana kwa kuruka moja juu au chini ya ile ya mwenzake. Skeli yenyewe hutokana na mfululizo wa sauti asilia, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ile ya saba iko chini ya nota ya piano inayoikaribia kwa takriban theluthi ya nusu-toni, kiasi ambacho sikio lililofunzwa hukitambua bila shida. Hapa kuna skeli, kanuni ya upatanifu na sababu ya kifizikia inayoviunganisha. Kama hiyo si nadharia, sijui neno hilo linabaki na maana gani.

Nyatiti nayo inaleta swali la namna nyingine. Mpigaji hukwanyua nyuzi nane, hugonga mbao za ala kwa pete ya chuma iliyovikwa kidole gumba cha mguu, njuga zikilia mguuni, na wakati huohuo huimba. Ujuzi unaostahili kupimwa uko katika namna tabaka hizo za mapigo zinavyokutana na kuachana. Anayepima vidole peke yake, kisha sauti peke yake, amepima vitu viwili ambavyo nyatiti haina.

Wapo wanaotetea utaratibu uliopo, na hoja yao nzito inahusu haki. Nota za mistari humwezesha msahihishaji wa Kisumu na wa Mombasa kutoa alama ileile kwa jibu lilelile. Mapokeo ya mdomo, wanasema, hayana jibu moja. Nakubali nusu ya kwanza. Nusu ya pili inachanganya maandishi na kanuni. Kanuni ya kuruka nota ina majibu sahihi na yasiyo sahihi, tena machache kuliko yanayoruhusiwa katika upatanifu wa sauti nne. Mtahiniwa akipewa melodia ya skeli ya nota tano na kutakiwa aongeze sauti ya pili kwa kanuni hiyo, kazi yake itasahihishika hata kwa solfa, mwandiko ambao kwaya zetu huusoma kwa ufasaha kuliko mistari mitano. Katika usikivu, rekodi inaweza kuchukua nafasi ya piano: mtahiniwa aonyeshe pigo la msingi, kisha ataje ni tabaka gani linalokwenda kinyume nalo.

Hofu ya kwamba mtihani utaigandisha sanaa hai ni ya haki zaidi, na siwezi kuiondoa yote. Kila silabasi huchagua toleo moja na kuacha mengine. Hata hivyo, kugandisha tayari kumekwisha kutokea katika maswali ya kutaja na kuainisha, ambapo ala hubaki jina, mchoro na kabila.

Wazo la kuutazama muziki wetu kama taaluma si geni. Washington Omondi, aliyechunguza kwa kina muziki wa nyatiti, aliongoza tume ya rais ya muziki iliyotoa ripoti yake 1984, mwaka mmoja kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza. Sasa mfumo huo unaondoka, na sekondari ya juu ya mtaala mpya ina mkondo wa sanaa na michezo ambamo muziki umeunganishwa na densi. Muungano huo una maana, kwa sababu katika ngoma nyingi za Kenya mguu wa mchezaji ni sehemu ya mapigo yenyewe. Lakini kazi ngumu iko kwa watungaji wa mitihani. Inawabidi wawaite wapigaji wenyewe mezani, wawaulize kosa ni lipi katika muziki wao na kwa nini ni kosa, kisha waandike mwongozo wa kusahihishia kutokana na majibu hayo.