Kitinda mimba ndiye mwenye nyumba

Katika milima ya Meghalaya, kaskazini-mashariki mwa India, Wakhasi huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto hubeba jina la ukoo wa mama yake, na nyumba ya wazazi humwangukia binti kitinda mimba, ambaye wao humwita ka khadduh. Dada zake wakishaolewa huenda kujenga kwao, yeye habanduki. Mume ndiye anayehamia ukweni.

Mwaka 1907 Mwingereza P.R.T. Gurdon alichapisha kitabu juu ya Wakhasi, na humo akaeleza desturi kali zaidi ya Wasynteng, tawi la Wakhasi huko Jowai. Mume alimtembelea mkewe giza likishaingia. Humo ndani hakula, hakuvuta tumbaku, wala tambuu hakutafuna, maana jasho lake halikuitunza nyumba ile, na kuonja cha watu ilikuwa aibu. Alipokufa, mifupa yake ilirudi kwa ukoo wa mama yake. Mke na watoto walikuwa na kaburi lao.

Wengi wakisikia haya hudhani huko wanawake ndio wanaotawala. Nami niliwahi kudhani hivyo. Lakini ka khadduh amewekwa tu kuilinda mali. Hawezi kuuza shamba la ukoo bila wajomba na kaka zake kuridhia. Wazazi wakizeeka, kuwauguza ni kazi yake. Wakifa, tambiko ni juu yake. Ndugu aliyeachika au yatima asiye na pa kwenda hubisha hodi kwake. Na dorbar, baraza lililoamua mambo ya kijiji, lilikuwa la wanaume. Mila haikumpa mwanamke nafasi ya kusema. Kivuli cha mila hiyo hakijaondoka: katika uchaguzi wa 2023, bunge la Meghalaya lenye viti 60 lilipata wanawake 3.

Hata hivyo, wapo wanaume wanaoona wamepunjwa. Mwaka 1990 baadhi yao walianzisha chama, Syngkhong Rympei Thymmai, kikidai ukoo uhesabiwe kwa baba. Kisha mwaka 2018 baraza la wilaya ya Khasi Hills likapitisha muswada kwamba mwanamke anayeolewa na asiye Mkhasi ahesabiwe si Mkhasi tena, yeye na watoto atakaozaa. Baadhi ya wanawake wa Kikhasi waliupinga hadharani.