Melaka: Bandari Iliyowapokea Watu wa Kilwa

Mwaka 1512 Mreno mmoja, Tomé Pires, mjuzi wa dawa kwa kazi yake, alifika Melaka, mji ambao jeshi la nchi yake lilikuwa limeuteka mwaka mmoja nyuma. Alikaa huko hadi 1515, akaandika kitabu kirefu kiitwacho Suma Oriental juu ya nchi alizoziona na alizozisikia, kuanzia Bahari ya Shamu hadi Uchina. Alipofika kwenye orodha ya wageni waliofanya biashara Melaka aliwataja watu wa Cairo, wa Makka, wa Aden, Wahabeshi, Waajemi, Waturuki, Wagujarati, Wabengali na Wachina. Ndani ya orodha hiyohiyo aliwataja watu wa Kilwa na watu wa Malindi.

Majina hayo mawili ndiyo yaliyonipeleka Melaka. Nilipofika Malaysia kwa mara ya kwanza sikuwa na haja kubwa na maghorofa ya Kuala Lumpur. Nilipanda basi la kusini, safari ya kama saa mbili, mashamba ya michikichi kushoto na kulia, kwenda kuuona mji ambao wazee wa pwani yetu waliujua zaidi ya miaka 500 iliyopita. Nilitaka kuelewa walifuata nini mbali kiasi hicho.

Jibu la kwanza ni upepo. Melaka iko kwenye mlangobahari mwembamba kati ya rasi ya Malay na kisiwa cha Sumatra, mahali ambapo safari za bahari mbili hukutana. Majahazi ya Uchina yalishuka na pepo za kaskazini-mashariki, yakafika mwanzoni mwa mwaka. Ya Bara Hindi yalisukumwa na pepo za kusini-magharibi. Aliyekuja na upepo mmoja hakuweza kurudi mpaka upepo ugeuke, kama ilivyokuwa kwetu kwa kaskazi na kusi, kwa hiyo nahodha na wafanyabiashara wake walikaa miezi mizima, wakapanga nyumba, wakakopeshana, wengine wakaoa.

Mtu wa Kilwa hakwenda Melaka kwa tanga moja. Njia yake ilipitia Cambay, bandari kuu ya Gujarat. Huko zilishushwa pembe za ndovu na dhahabu ya Sofala, na huko zilipakiwa shanga na vitambaa vya pamba vya kurudi navyo Afrika Mashariki. Vitambaa hivyohivyo vya Gujarat vilikwenda mashariki, na Melaka vilifanya kazi karibu sawa na fedha: kwa vitambaa mtu alinunua kauri za Uchina, kungumanga na basibasi za visiwa vya Banda, na karafuu za Maluku. Msomaji wa Unguja na Pemba akumbuke kwamba wakati huo karafuu ilikuwa haijatia mguu kwetu. Ilistawi katika visiwa vichache vya Maluku tu, na aliyetaka kuinunua kwa wingi alifika Melaka, au alimlipa mtu aliyefika.

Mji wenyewe haukuwa mkongwe. Ulianzishwa karibu na mwaka 1400 na Parameswara, mwana wa mfalme kutoka Palembang aliyekuwa mkimbizi baada ya kufukuzwa Singapore. Wenyeji husimulia kwamba alikuwa akiwinda kando ya mto, akaona kijinyama kidogo mfano wa paa kikimpiga teke mbwa wake hadi majini, akasema nchi yenye wanyonge jasiri namna hii ndiyo ya kujenga. Hadithi ni nzuri, lakini ujasiri peke yake usingemlinda na Wasiamu waliokuwa wakiitaka rasi yote. Alichofanya kwa akili ni kujifunga na Uchina. Mwaka 1411 alikwenda mwenyewe hadi kwa mfalme wa Ming, na makundi ya majahazi ya amiri Zheng He yakaifanya Melaka kituo cha kuhifadhia mizigo na kungojea upepo. Majahazi ya amiri huyo yalifika Mogadishu na Malindi katika safari ya 1417 hadi 1419. Kabla yake, mwaka 1415, twiga wa Malindi alikuwa amekwisha kupelekwa kwa mfalme wa Uchina kama zawadi, na watu wakatoka kwenda kumtazama.

Jibu la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni sheria ya bandari. Melaka haikuwa na karafuu wala dhahabu, na hata chakula chake kingi kililetwa kwa meli. Ilichouza ni uhakika. Palikuwa na shahbandar wanne, wakuu wa bandari, kila mmoja akiwa na wageni wake. Mmoja aliwashughulikia Wagujarati peke yao, kwa jinsi walivyokuwa wengi. Wa pili alikuwa na watu wa kusini mwa Bara Hindi, wa Bengal, wa Pegu na wa Pasai. Wa tatu alikuwa na watu wa Java, Maluku, Banda na visiwa vya jirani, na wa nne Wachina na majirani zao. Meli ikitia nanga, nahodha alikwenda kwa shahbandar wake, akapewa ghala na pa kulala. Mizigo ilithaminiwa na jopo la wafanyabiashara wenyewe, si na askari. Waliotoka magharibi walilipa ushuru wa asilimia 6, wa mashariki walitoa zawadi na kumuuzia mfalme sehemu ya mali. Kila mtu aliijua hesabu yake kabla hajang'oa nanga kwao. Pires aliandika kwamba katika bandari hiyo zilisikika lugha 84, na ninamwamini, kwa sababu mahali penye haki ya namna hiyo watu hupeana habari.

Wareno walifika mara ya kwanza mwaka 1509. Mwaka 1511 Afonso de Albuquerque alikuja na meli za vita. Alichagua kushambulia tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, ambaye wao humwita Santiago na kumhesabu mlinzi wa vita vyao. Vita vyote viligeuka kugombea daraja moja la mto, lililounganisha upande wa ikulu na msikiti na upande wa wafanyabiashara. Mara ya kwanza Wareno walilishika wakashindwa kukaa nalo. Mwezi Agosti walipandisha jahazi refu mtoni wakati wa maji makuu, likawa mnara wao juu ya daraja, na mji ukaanguka. Sultan Mahmud Shah alikimbilia bara.

Mtu wa Kilwa angeijua habari hii bila kusimuliwa. Julai 1505 Francisco de Almeida alitua Kilwa, Sultani Ibrahim akatoroka, mji ukaporwa, na Wareno wakajenga ngome waliyoiita Santiago. Mwezi uliofuata waliichoma Mombasa. Miaka 6 baadaye, Melaka, ngome ilijengwa kwa mawe yaliyong'olewa msikitini na kwenye makaburi ya wafalme, na lango lake moja likaitwa Santiago vilevile.

Lango hilo ndilo lililobaki. Limesimama chini ya kilima cha Mtakatifu Paulo, mawe yake yana rangi ya kutu na matundu kama sega la nyuki. Ngao iliyochongwa juu yake si ya Wareno bali ni ya Waholanzi, walioutwaa mji mwaka 1641 baada ya kuuzingira kwa miezi wakisaidiwa na usultani wa Johor. Ngome nyingine yote ilivunjwa na Waingereza, walioushika mji baadaye. Mwaka 1807 afisa wao William Farquhar alipewa amri ya kuibomoa ili biashara ihamie Penang. Abdullah bin Abdul Kadir, mwandishi mkubwa wa Kimalay aliyezaliwa Melaka mwaka 1796 katika ukoo uliochanganya damu ya Yemen na ya Kitamil, aliishuhudia kazi hiyo akiwa mtoto. Katika kitabu cha maisha yake, Hikayat Abdullah, anaeleza jinsi vibarua walivyoogopa mashetani wa ngomeni, hadi baruti ilipomaliza kilichowashinda watu wa sululu. Lango lilipona kwa sababu afisa mwingine Mwingereza, Stamford Raffles, alikuja mapumzikoni akaandika kuutetea mji.

Kulitazama lango hili huku ukiijua ngome ya Gereza ya Kilwa Kisiwani kunatia uchungu, lakini kunafundisha pia. Wareno waliyapata mawe, biashara ikawaponyoka. Wafanyabiashara Waislamu walihamia Aceh, Johor na Banten, na baadaye majahazi ya Aceh yakapeleka pilipili manga hadi Bahari ya Shamu bila kupita Melaka kabisa. Kilwa nako ngome ya Santiago iliachwa mwaka 1512, miaka 7 tu baada ya kujengwa. Aliyeshika bunduki hakuweza kumlazimisha mgeni amwamini.

Kwa hiyo ninayemshauri kwenda Melaka asiishie langoni. Avuke mto, upande wa wafanyabiashara, aingie mtaa wa mafundi dhahabu, Jalan Tukang Emas. Hapo kuna hekalu la Kihindu la mwaka 1781, na hatua chache mbele msikiti ulioanzishwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwaka 1748. Paa lake lina ngazi tatu kwa mtindo wa Java, mnara wake unafanana na pagoda, na ndani mna nguzo za Kizungu na taa ya vioo inayoning'inia darini. Mbele kidogo kuna Cheng Hoon Teng, hekalu la Kichina la karne ya 17. Hakuna aliyeyapanga haya yapendeze watalii. Ni mabaki ya ile desturi ya kila mgeni kuwa na mahali pake. Hata bakuli la cendol linalouzwa jirani, barafu iliyosagwa na tui zito, sukari nyeusi ya mnazi na tambi za kijani, mtu wa Lamu angelipokea bila maswali.

Nilimalizia safari Ujong Pasir, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1930 kwa ajili ya Wakristang, uzao wa Wareno na wenyeji. Bado wapo wanaozungumza Kireno chao kilichochanganyika na Kimalay, na mwezi Juni hubariki mashua zao kwa sikukuu ya Mtakatifu Petro. Kwa vizazi waliishi kwa kusukuma nyavu za uduvi kwenye maji mafupi ya ufukweni. Lakini serikali na wawekezaji wamekuwa wakiifukia bahari ya Melaka kwa mchanga ili kupata ardhi ya majengo. Lango la Santiago, lililokuwa karibu na maji, leo limetenganishwa na bahari kwa maduka, mahoteli na barabara pana. Wavuvi wa Ujong Pasir wamekuwa wakiupinga ufukiaji huo kwa miaka mingi, na nadhani wana haki.