Daftari la mawingu

Juzi nilikuwa nasafisha meza yangu chumba cha habari. Nikakusanya madaftari ya miaka mitatu, nikayabeba mpaka kwenye pipa la taka. Kabla sijayamwaga nikafungua moja: tarehe, saa, mahali, nani kasema nini, mvua inanyesha au imekata. Habari zenyewe zilishachapwa zamani, nyingine zikakatwa mpaka zikabaki aya tatu. Nikiwa nimesimama pale nikamkumbuka Mfaransa mmoja, Eugène Boudin. Wadau, ngoja niwasimulie.

Boudin alizaliwa mwaka 1824 Honfleur, mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa baharia. Alipokuwa kijana alifungua duka la karatasi na fremu huko Le Havre, ng'ambo ya mdomo wa mto Seine. Wachoraji walikuwa wanapita pale dukani, naye akanogewa, akaamua kuchora.

Alichokipenda kuliko vyote ni anga. Tatizo la anga halimsubiri mtu! Wingu ulilolianza saa tatu, saa tatu na robo halipo. Rangi ya mafuta inataka kuchanganywa, inataka brashi, halafu inataka siku kadhaa ikauke. Basi Boudin akashika pasteli.

Kwa wasioijua, pasteli laini ni unga wa rangi uliochanganywa na chaki na gundi kidogo sana, ukaviringishwa vijiti na kukaushwa. Hakuna maji, hakuna mafuta. Unapitisha kijiti juu ya karatasi yenye uso wa kukwaruza kidogo, vumbi linanasa, unasugua kwa kidole, kazi imekwisha. Karatasi ikiwa ya kijivu au ya bluu unaiacha wazi hapa na pale, nayo inageuka sehemu ya anga. Ubaya wake ni kwamba lile vumbi linabaki kuwa vumbi. Ukiigusa picha umeifuta. Ndiyo maana hutundikwa nyuma ya kioo.

Zamani hii ilikuwa rangi ya kuchorea sura za wakubwa. Katika karne ya 18, Rosalba Carriera wa Venice aliwachora matajiri wa Paris, kisha Maurice Quentin de La Tour akamchora Madame de Pompadour, kipenzi wa mfalme Louis XV. Yalipokuja Mapinduzi ya mwaka 1789, wakubwa hao wengine walikimbia, wengine wakakatwa vichwa. Pasteli nayo ikashuka hadhi. Boudin hakuwa peke yake kuitoa nje ikaone jua, maana hata Delacroix alichora anga kwa pasteli. Ila Boudin aliifanya kama ripota: kwenye michoro yake aliandika tarehe, saa, na upepo unatoka wapi.

Mwaka 1859 mshairi Charles Baudelaire aliandika kuhusu Salon, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris. Alikuwa ameshaona kwa Boudin mamia ya pasteli hizo. Akasema ukiyafunika yale maandishi kwa mkono, bado utakisia majira, saa na upepo. Sifa kubwa hiyo! Lakini akasisitiza kwamba hizo ni kumbukumbu tu, picha kamili bado haijachorwa. Boudin naye, kwa maelezo yake, alilijua hilo.

Hapo ndipo nabishana na Baudelaire. Karibu mwaka mmoja kabla, Boudin alikuwa amemchukua kijana wa miaka 17 aliyekuwa akichora vikatuni Le Havre, akamtoa nje akachore mandhari papo hapo. Kijana huyo ni Claude Monet, na alipozeeka alikiri kwamba uchoraji wake anadaiwa na Boudin. Mwaka 1874 Monet na wenzake walifanya maonyesho yao wenyewe Paris. Boudin alishiriki, na kati ya alivyopeleka zilikuwamo pasteli za anga. Kumbukumbu za daftari zimetundikwa ukutani!

Mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, aliwakejeli. Aliona kazi ambazo hazijamalizika. Akachukua jina la picha ya Monet ya bandari ya Le Havre alfajiri, akawabandika wote jina la utani: Waimpresionisti. Tusi likageuka jina la heshima linalofundishwa vyuoni.

Kwa hiyo waandishi wawili, mmoja akisifu na mwingine akikejeli, walikubaliana kwamba kilichoandikwa haraka, papo hapo, si kazi yenyewe. Mimi nadhani wote wawili walikosea. Picha kubwa hutengenezwa baadaye, ndani, mtu akiwa ameshasahau upepo. Kile kipande cha karatasi chenye vumbi ndicho kilikuwepo mawingu yakipita.

Madaftari yangu nimeyarudisha kabatini. Habari ya aya tatu inasema mkutano ulifanyika. Daftari linasema saa nane na nusu mchana, jua kali, na mama mmoja alikuwa ameondoka kabla hotuba haijaisha. Wewe umeshatupa yako mangapi?