Tarehe ya Mji wa Unguja Katika Kadi za Posta

Zamani ndege hazijazoeleka, mgeni aliyekuja Unguja alikuja kwa bahari, na kitu cha kwanza alichokiona, meli ikisha kutia nanga, kilikuwa uso wa mji wenyewe: safu ya majumba meupe ya mawe na chokaa, bendera nyekundu ya Seyyid ikipepea juu ya kasri, na majahazi yaliyolala pwani yakingoja maji yajae. Meli za Kijerumani, za Kiingereza na za Kifaransa zilizopita hapa miaka ya mwisho ya karne ya 19 hazikukawia bandarini, na abiria walioteremka walitaka kupeleka kwao dalili ya kuwa wamefika. Haja hiyo ndiyo iliyoleta biashara ya kadi za posta, na walioishika walikuwa wapigapicha wa Kigoa wenye maduka yao mjini, akina A. C. Gomes na mwanawe, Pereira de Lord na wenziwao.

Kadi ya posta, ikiwa bado haina picha, ilitolewa mara ya kwanza na posta ya Austria tarehe 1 Oktoba 1869. Hapa Unguja kazi ya barua ilikuwa mikononi mwa posta ya Uhindi tangu enzi ya Seyyid Barghash hata Novemba 1895, serikali ya Unguja ilipoichukua. Kadi za picha za mwanzo hutambulikana kwa mgongo wake, kwani kanuni ya siku zile haikuruhusu kuandikwa upande huo ila jina la mpelekewa na mahali akaapo, na mwenye kadi akalazimika kuzibana salamu zake pembezoni mwa picha, pengine juu ya mbingu au bahari yenyewe. Uingereza iliugawa mgongo wa kadi mwaka 1902, Ujerumani ikafuata 1905, na tangu hapo picha ikaachiwa uso mzima.

Lakini shahidi mkubwa wa tarehe ni majengo. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, huonekana katika picha za kale ikiwa na baraza zake ndefu na nguzo zake, na mbele yake, karibu na maji, umesimama peke yake mnara wenye saa na taa ya kuongozea vyombo; na ubavuni mwake ipo Beit al-Hukm. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Seyyid Hamed bin Thuwaini, na Seyyid Khalid bin Barghash akaingia kasri pasipo ridhaa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27, muhula waliompa ulipokwisha, manowari zao zilifyatua mizinga kwa muda wa dakika 38 hivi, na watu kiasi cha 500 wakauawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm iliangamia, mnara wa pwani ukaharibika usifae tena, na Glasgow, meli ya Seyyid iliyothubutu kujibu mizinga ile, ikazama palepale bandarini. Seyyid Hamoud bin Muhammed akatawazwa siku ile ile.

Baada ya hapo kadi zaeleza mji mwingine. Mnara wa saa sasa waota katika uso wa Beit al-Ajaib yenyewe, mahali ambapo hapo kwanza haukuwapo. Na baharini, nyuma ya mashua na mitumbwi, yatokeza milingoti ya Glasgow, ambayo ilikaa juu ya maji hata mwaka 1912 ndipo mabaki ya meli yakavunjwa na kuondolewa. Wauzaji waliifanya milingoti ile kuwa pambo la bandari, na mnunuzi wa London au Hamburg pengine hakujua atazama nini. Bali mwenyeji wa Forodhani aliyepita pwani kila alfajiri kwa muda wa miaka 16 hakuhitaji mtu wa kumweleza. Tena minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu ilikamilika mwaka 1898, hata picha yenye kuonyesha minara hiyo kamili juu ya mapaa pamoja na milingoti ile baharini haikupigwa kabla ya 1898 wala baada ya 1912. Nasema picha, si kadi, kwa sababu maduka yaliendelea kuuza taswira za zamani miaka mingi, na muhuri wa posta huweza kumpoteza mtafiti mwenye haraka.

Reli ya Bububu nayo ina kadi zake: njia ya maili 7 iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905 kutoka Ngome Kongwe, gari la moshi likipita baina ya nyumba katika vichochoro vya mji kabla ya kufika mashamba. Ilipofika 1922 haikuchukua abiria tena.

Katika jambo la rangi yafaa tujihadhari. Kadi nyingi za zama zile zilipigwa chapa Ujerumani, na waliozitia rangi walikuwa watu wa viwandani ambao hawakupata kuiona Unguja; kwa hiyo kanga iliyopakwa samawati katika kadi haithibitishi rangi ya kanga iliyovaliwa. Yaliyo ya kuaminiwa ni mambo ambayo kamera iliyanasa bila ya kukusudia: namna leso ilivyofungwa, nakshi za mlango, karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi, na hamali aliyeinama chini ya pembe ya ndovu.

Na huyo hamali ni nani? Hapa ndipo moyo unaponiuma. Kadi huyataja majengo kwa majina yake, na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki katika mji huu mwaka 1905, hutajwa kwa jina na taadhima, naye alikwisha kuyasimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Lakini mchukuzi ni mchukuzi tu, na mwanamke aliyesimamishwa mbele ya pazia la mpigapicha, akaambiwa aweke mkono kiunoni, ameandikwa kabila lake basi. Amri ya 6 Aprili 1897, iliyoondoa hali ya utumwa katika sheria, ilikuwa ingali mbichi, na ni vigumu kuamini kuwa miongoni mwa nyuso hizo hawamo waliozaliwa watumwa. Uso wa mtu uliuzwa kwa fedha kidogo, ukavuka bahari, na jina lake halikuulizwa.

Vivyo hivyo kadi chache mno zilivuka daraja. Hori lililoutenga mji wa mawe na Ng'ambo, ambamo maji yalipanda na kushuka na majahazi yakakokotwa matopeni, limo katika picha kadhaa, na picha hizo ni hazina, maana lilianza kufukiwa mnamo 1915 na kazi ikaja kwisha miaka ya 1950. Apitaye leo barabara ya Darajani apita mahali pa bahari. Bali nyumba za udongo na makuti za upande wa pili, walikokaa wachukuzi, wavuvi, mafundi na waliotoka utumwani, zilipigwa kwa mbali au hazikupigwa kabisa.

Ng'ambo ilijiandikia kwa njia nyingine. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeingia mjini mwaka 1911 na kufanya maskani yake huko, alisafiri na wenziwe hadi Bombay mwaka 1928, wakatia nyimbo zao katika sahani za santuri kwa Kiswahili; na katika nyimbo hizo mambo ya mitaani na hukumu za mahakamani zilielezwa wazi, na watu wa mji wakatajwa kwa majina yao.