Wazamiaji wa Uokoaji: Uwezo wa Kuogelea Hutangulia Mtungi wa Hewa

Mto Mara, unaoanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita kati ya Wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mto huo ni tegemeo la maji, mifugo na utalii, lakini mtu anapozama humo huduma ya wazamiaji huweza kuhitajika. Jukumu la uokoaji nchini limekabidhiwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika katika ajali ya kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018. Siku mbili baadaye, wazamiaji walimtoa akiwa hai fundi mmoja aliyekuwa amenaswa ndani ya kivuko hicho.

Sababu za kuhitaji uwezo wa kuogelea

Mtungi humpa mzamiaji hewa, lakini haumpi nguvu. Asiyekuwa na mazoezi hupumua kwa kasi, humaliza hewa mapema na hulimbikiza kaboni dayoksaidi mwilini, hali inayoleta maumivu ya kichwa na taharuki. Aidha, hewa ikiisha au mkondo ukimsukuma mbali, hulazimika kuogelea juu ya maji akiwa na vifaa vyake vyote, pengine huku akimvuta mwenzake aliyechoka.

Viwango vinavyotumika

Katika mfumo wa mafunzo wa PADI, unaotumika katika nchi nyingi, mwanafunzi wa ngazi ya awali hutakiwa kuogelea meta 200 bila kupumzika, au meta 300 akitumia miwani ya kuzamia, mapezi na mrija wa kupumulia. Vilevile, hutakiwa kuelea kwa dakika 10. Anayetaka kuwa kiongozi wa wazamiaji hupimwa kwa kuogelea meta 400 bila vifaa, meta 800 kwa mapezi na mrija, kuelea kwa dakika 15 na kumvuta mwenzake meta 100. Uokoaji katika maji yenye mkondo na matope hudai zaidi ya hapo, kwa kuwa mzamiaji hutafuta kwa kupapasa.

Suala la mwinuko

Uso wa Ziwa Victoria uko takribani meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kuliko pwani. Kuzamia katika mwinuko unaozidi meta 300 huhitaji majedwali maalumu ya kina na muda, kwani nitrojeni iliyoingia mwilini huweza kutengeneza mapovu mzamiaji anapopanda. Kwa sababu hiyo, aliyezamia ziwani hapaswi kusafiri mara moja kuelekea nyanda za juu za Tarime au Mugumu kabla ya kupumzika kwa muda uliopangwa.

Namna ya kujiandaa

Mzamiaji hushauriwa kuogelea mara mbili au tatu kwa wiki, akianza na umbali mfupi na kuuongeza hatua kwa hatua. Mazoezi ya mapezi huimarisha mapaja na nyonga, na kuvuta mtu huzoesha mwili kazi halisi ya uokoaji. Uchunguzi wa daktari kuhusu moyo, mapafu na masikio ni wa lazima kabla ya mafunzo. Mto Mara haufai kwa mazoezi kutokana na mamba na viboko, na maji ya kando ya ziwa huweza kuwa na vimelea vya kichocho. Bwawa la kuogelea lenye msimamizi ndilo salama zaidi.

Wajibu wa mwananchi

Anayeshuhudia mtu akizama asijitose majini bila mafunzo, kwani mwokoaji asiye na ujuzi huweza kuwa mhanga wa pili. Amrushie kamba, mti mrefu au dumu tupu lililofungwa vizuri, apige simu bila malipo namba 114, na aweke alama mahali mhusika alipoonekana mara ya mwisho. Alama hiyo hupunguza eneo la kutafuta, na hivyo huokoa hewa, nguvu na muda wa wazamiaji.