Nembo Kabla ya Mamba

Nembo ya klabu ya soka ya TP Mazembe ni mamba aliyebana mpira kwa meno. Tangu 2011 klabu hiyo ina uwanja wake ndani ya Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, na siku ya mechi mamba huyo hupita mtaani kwenye mamia ya vifua. Wachache huwaza kwamba neno lenyewe, nembo, liliwahi kukaa chini ya nguo. Kabla ya kuwa alama ya klabu au ya kampuni, nembo ilikuwa alama iliyochanjwa usoni au mwilini. Ukoo wa neno hilo unasikika hata leo Lubumbashi: kwa Kibemba ukulemba ni kuandika, na Watabwa wa kando ya Ziwa Tanganyika walitumia kulemba kwa kuchanja ngozi, kuchora na kuandika vilevile. Kalamu ilipofika, kitenzi kilikuwa kinaisubiri.

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka ule ule reli kutoka Rhodesia ilipofika. Mwaka uliofuata tanuru la kampuni ya madini ya Union Minière likamwaga shaba yake ya kwanza. Weusi walitengewa makazi yao, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 makazi hayo yakasogezwa kusini, ng'ambo ya ukanda mtupu wenye upana wa mamia ya mita. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya: mbu wa malaria wasivuke kwenda kwa Wazungu. Hapo ndipo ilipo Kamalondo, iliyoitwa kwanza Albert, kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Haikuwa kambi ya mgodi. Kambini kampuni ilitoa nyumba, posho na nidhamu. Huku walikaa makarani, mafundi cherehani, maseremala, wachuuzi na maboi waliokwenda mjini asubuhi na kurudi jioni.

Walitoka kila upande: Lomami, Kasai, Luapula, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland. Waliofika wakiwa watu wazima walikuja na miili ambayo tayari ilikuwa imeandikwa.

Kwa Waluba alama hizo huitwa ntapo. Mwanamke hakuzaliwa mzuri, alifanywa mzuri: nywele zikasukwa, meno yakachongwa, na tumbo na kiuno vikachanjwa polepole kwa miaka mingi. Ngozi iliyoinuka ilisomwa kwa macho na kwa vidole, na mume alikuwa msomaji mmojawapo. Hata miti ilichanjwa. Lukasa, ubao wa shanga ambao wazee wa chama cha Mbudye waliupapasa wakisimulia habari za wafalme, una mistari iliyochongwa mgongoni, nayo pia huitwa ntapo. Kiti cha enzi kilichochongwa na fundi wa Buli, ambacho sasa kimo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kinabebwa na mwanamke mwenye uso mrefu wa huzuni; mtazamaji akishuka chini ya uso huo atakuta tumbo lililojaa alama. Mchongaji hakuona kwamba umbo la mwanamke limekamilika bila hizo.

Jambo moja katika desturi hiyo husahaulika haraka. Aliyechanjwa hakuwa peke yake. Palikuwa na mkono wa fundi, palikuwa na wakubwa waliosimama karibu, na baadaye palikuwa na watu wa kupaka mafuta na kuangalia kama kidonda kinafunga vizuri. Maumivu yalikuwapo, na makali, lakini yalikuwa na siku yake, mashahidi wake na mwisho wake.

Mji uliikata desturi hiyo bila kelele nyingi. Wamisionari waliihesabu kuwa ushenzi. Kuanzia 1928 Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae muda mrefu pamoja na wake zao, na watoto waliozaliwa hapo wakapelekwa shule, wakavishwa sare, wakafundishwa kwamba mtu mstaarabu ana ngozi laini. Mwanaanthropolojia Allen Roberts alipokaa na Watabwa katika miaka ya 1970, wenye alama walikuwa tayari wazee. Miaka hiyo hiyo Rais Mobutu alikuwa anarudisha mambo ya mababu kwa amri: majina ya Kizungu yalifutwa, tai zikavuliwa. Alama za ngozi hakuna aliyezirudisha. Uhalisi wa serikali uliishia kwenye abakosti, suti isiyo na tai.

Hata hivyo mji ulileta chanjo. Kitenzi kuchanja kilihama kutoka kwa fundi wa ntapo kwenda kwa muuguzi, kikaacha kovu dogo la mviringo kwenye bega la karibu kila mtu, la ndui kwanza, la kifua kikuu baadaye. Zaire, kama Kongo ilivyokuja kuitwa, iliandikisha wagonjwa wake wa mwisho wa ndui mwaka 1971. Kovu lile, lililochanjwa kwa agizo la serikali, halikumtia mtu haya. Na waganga hawakuacha kazi: mpaka leo wapo wanaochanja mistari midogo na kupaka dawa ya kinga, ya mapenzi au ya bahati ya kazi.

Kwa hiyo mtaani Kamalondo kovu lina wasomaji wengi, na huo ndio ugumu wa mtu aliyejiumiza mwenyewe. Makovu yake yanasomwa kabla hajafungua mdomo. Mmoja atauliza ni mganga gani, mwingine atasema ni ndoki, yaani mchawi, na huo si mzaha katika mji ambao Human Rights Watch, mwaka 2006, iliukuta na watoto waliofukuzwa majumbani kwa kushtakiwa uchawi. Daktari wa akili Mmarekani Armand Favazza alichapisha mwaka 1987 kitabu kilichotenganisha mambo hayo mawili: alama inayotiwa na jamii kwa ajili ya jamii, na jeraha ambalo mtu hujipa akiwa peke yake ili apate nafuu ya muda kutoka kwenye uchungu asioweza kuusema. Lakini kwa jirani anayepita, ngozi haioneshi tofauti hiyo.

Kuna tofauti nyingine, ya utunzaji. Ntapo ilipakwa mafuta na watu. Kovu la siri halipakwi na mtu yeyote. Wakati huo huo ngozi nyeusi ina tabia ambayo mafundi wa zamani waliijua vizuri na kuitumia: hupenda kuinuka. Kovu likivuka mipaka ya jeraha lenyewe na kuendelea kukua, madaktari huliita keloidi, jina lililotungwa na Mfaransa Alibert mwanzoni mwa karne ya 19. Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, na huweza kurudi kubwa zaidi. Hudungwa sindano za steroidi na mtaalamu, hubanwa, hufunikwa kwa karatasi au jeli ya silikoni kwa saa nyingi kila siku, kwa miezi. Kovu la kawaida linataka mambo ya nyumbani: likishafunga kabisa, mafuta yasiyo na manukato, kidole gumba kikizunguka taratibu dakika chache asubuhi na jioni, na kitambaa dhidi ya jua.

Kisichofaa kinauzwa kila soko. Krimu za kuchubua, zenye hidrokwinoni au steroidi kali, hupakwa juu ya kovu ili lifanane na ngozi ya pembeni. Steroidi ikipakwa ovyo hukondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana. Hidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa bluu usiofutika. Bibi mwenye ntapo angeshangaa: yeye alilipia alama, mjukuu analipia kuifuta, na ngozi inaumia mara zote mbili.

Anayeendelea kujiumiza anahitaji zaidi ya mafuta. Lubumbashi ina kituo cha tiba ya akili chenye jina la Joseph Guislain, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Guislain alikuwa daktari wa Gent, Ubelgiji, ambaye katika karne ya 19 alidai wagonjwa wa akili watendewe kwa utu. Jeraha bichi hupelekwa kwanza hospitali, kama ile ya Sendwe, iliyopewa jina la Jason Sendwe, kiongozi wa chama cha Balubakat aliyeuawa 1964. Kabla ya siasa alikuwa msaidizi wa daktari. Huko, kama kwa fundi wa zamani, panakuwa na mkono wa mtu mwingine juu ya ngozi, na mtu wa kuuliza inaumaje.

Lubumbashi iko juu, mita zaidi ya 1,200. Juni na Julai asubuhi ni baridi, na mikono mirefu haimshangazi mtu. Oktoba jua hushuka wima kabla ya mvua, mtaa mzima hubaki na fulana, na aliyejifunika huanza kuulizwa. Kovu hukomaa kwa mwaka mmoja hadi miwili. La Juni, Oktoba ya kwanza bado ni jekundu na linawasha. Oktoba ya pili mara nyingi limeshalala, limepauka, na kidole hulipata kabla ya jicho.