Tarehe ya Chuo cha Fourah Bay

Katika vyuo vya elimu ya juu vilivyofuata taratibu za Ulaya huko Afrika ya Magharibi, hakuna kilichotangulia Chuo cha Fourah Bay cha mji wa Freetown, nchi ya Sierra Leone, kilichoasisiwa mwaka 1827 na jumuiya ya wamisionari wa Kiingereza, CMS, ndiyo ileile iliyokuja kuanzisha Freretown, jirani na Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa.

Miongoni mwa wanafunzi wake wa awali alikuwamo Samuel Ajayi Crowther, kijana wa Kiyoruba aliyetekwa kwao mwaka 1821, akauzwa mkono kwa mkono hata akapakiwa merikebuni, kisha akanusuriwa na manowari ya Kiingereza na kuteremshwa Freetown. Naye ndiye aliyewekwa wakfu mwaka 1864 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa la Anglikana.

Jengo mashuhuri la chuo lilianza kujengwa mwaka 1845, mkuu wake akiwa Edward Jones, mtu mweusi wa Marekani, likamalizika mwaka 1848: kuta za mawe mekundu ya nchi ile, ghorofa juu ya ghorofa, na madirisha yaliyopangwa safu kwa safu kwa desturi ya Uingereza. Lakini la ajabu zaidi lilikuwa paa, kwani boriti zake zilitokana na milingoti ya merikebu za watumwa zilizokamatwa na kuvunjwa Freetown, na mti uliokuwa ukibeba tanga la dhuluma ukaja kuwafunika wenye kutafuta elimu.

Chuoni humo Sigismund Koelle alifundisha Kiarabu na Kiebrania, na kwa kuwauliza waliokombolewa maneno ya kwao akatunga Polyglotta Africana, kitabu cha mwaka 1854 chenye lugha zaidi ya 150. Mwaka 1876 chuo kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Durham, na Mwafrika akaweza kupata shahada pasipo kuvuka bahari.

Wakati wa Vita Kuu vya Pili chuo kilihama, na baadaye kikakaa kilimani Mount Aureol. Jengo la kale likawa ofisi ya reli, kisha mahakama, hata mwaka 1999, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, likateketea kwa moto, zikabaki kuta zisizo na paa. Kuta hizo ni amana ya Waafrika wote, wala si ya watu wa Freetown peke yao. Yatupasa basi, serikali, vyuo na wenye mali, tushikane kuziezeka upya kabla mvua hazijazimaliza.